Mnara wa Newcastle na Mawe ya Jinja

Mwaka 1798 kijana mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mwendesha mashua ya makaa ya mawe katika Mto Tyne, alimaliza kuchonga picha ya kanisa. Aliitwa Charlton Nesbit. Kanisa lenyewe, la Mtakatifu Nikolasi, lilikuwa katikati ya mji wa Newcastle, na picha ilikuwa na ukubwa wa inchi 15 kwa 12, yaani kama sentimita 38 kwa 30. Leo mtu anayepita chini ya mabango ya simu barabarani hawezi kushtushwa na ukubwa huo. Kwa mafundi wa wakati ule lilikuwa jambo la kuendea kutazama. Picha za kuchongwa kwenye mti, kwa namna waliyoifanya Newcastle, zilikuwa ndogo kama kiganja cha mtoto, na nyingine hazikuzidi kiberiti. Nesbit alilazimika kuunganisha vibao 12 na kuvifunga juu ya bamba la chuma, mnara wa kanisa ukipita kutoka kibao hadi kibao bila kuvunjika.

Mchoro haukuwa wake. Aliuchora rafiki yake Robert Johnson, mwanagenzi mwenzake, ambaye alifariki Scotland mwaka 1796 akiwa bado kijana. Nesbit aliuchukua mchoro wa marehemu akauhamishia kwenye mti, na picha ilipochapwa, mapato yake yalikusudiwa wazazi wa Johnson waliokuwa wamezeeka. Jumuiya ya Sanaa ya London ilimtuza Nesbit kwa kazi hiyo. Naipenda tuzo hiyo, lakini naupenda zaidi ule mpango wa kuwatunza wazee wa rafiki kwa mnara wa kanisa.

Na mnara huo si wa kubuni. Juu yake matao manne ya mawe yanainuka kutoka pembe nne, yanakutana hewani na kubeba kijumba chembamba chenye ncha, hata aliye chini anaona anga katikati ya jengo. Ulijengwa karne ya 15. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1644, Waskoti walipouzingira mji na kutishia kuuangusha mnara kwa mizinga, meya aliamuru wafungwa wa Kiskoti wapandishwe huko juu, na mizinga ikanyamaza. Hadithi hiyo ilikuwa midomoni mwa kila mtu wa Newcastle, na mnara ulikuwa machoni mwa kila mtu. Ndiyo maana kuuchonga kulikuwa kujiweka kizimbani. Tao likipinda isivyo, au dirisha likisogea, muuza samaki anayepita hapo kila siku angekuwa wa kwanza kusema: sivyo ulivyo.

Tena mchongaji hufanya kazi kinyume. Kilicho kulia kwenye karatasi hukichonga kushoto kwenye kibao, ili kikichapwa kirudi mahali pake. Nesbit aliuchonga mji wake wote kama mtu anayeutazama kwenye kioo.

Ufundi huu aliupata kwa Thomas Bewick, na bila Bewick hakuna cha kusimulia. Alizaliwa Agosti 1753 katika shamba la Cherryburn, maili 12 hivi magharibi mwa Newcastle, baba yake akiwa mkulima mwenye mgodi mdogo wa makaa. Shuleni alichora pembezoni mwa vitabu hadi nafasi ikaisha, akahamia kwenye mawe ya makaburi na sakafu ya ukumbi wa kanisa la Ovingham, akitumia chaki. Oktoba 1767, akiwa na miaka 14, alipelekwa kwa Ralph Beilby mjini Newcastle kuwa mwanagenzi kwa miaka saba. Beilby alitia nakshi kila kitu kilichokubali chuma: vijiko vya fedha, mihuri, vibao vya majina ya milangoni. Kazi za mti hazikumpendeza, akamwachia kijana.

Miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa ni michoro ya kitabu cha hesabu cha Charles Hutton, mwalimu wa mji huohuo, kilichokamilika mwaka 1770. Michoro yenyewe ni ya kupimia: pembe, duara, urefu wa vitu visivyofikika. Katika mmojawapo Bewick alihitaji kitu kirefu cha kupimwa, akaweka mnara wa Mtakatifu Nikolasi. Mvulana wa shamba, aliyekuwa akiuona mnara huo kila anapoinua kichwa kutoka kwenye meza ya kazi, aliuingiza kwenye hesabu kana kwamba hakuna kitu kingine duniani kinachofaa kupimwa.

Hapa sina budi kuingia karakanani kidogo, maana bila kujua mti wenyewe mtu hawezi kuona Bewick alibadilisha nini. Ubao wa kawaida hupasuliwa kwa urefu wa gogo, na nyuzi za mti hulala kama nywele zilizochanwa. Patasi ikizifuata huteleza, ikizikata kwa kukingama huzirarua. Picha za mti za zamani zilichongwa hivyo, kwa kisu, na mistari yake ilikuwa minene. Njia ya Newcastle ilikuwa kulikata gogo kama mama anavyokata muhogo, vipande vya mviringo, hata nyuzi zikasimama wima na ncha zake zikatazama juu. Juu ya uso huo chombo huenda upande wowote bila kuzuiwa, na mstari huweza kuwa mwembamba kama unywele. Mti uliotumika ni wa buksi, mdogo na mgumu, wa rangi ya siagi, unaokua polepole kiasi kwamba mchongaji wa mpingo kutoka Mtwara angeutambua kuwa jamaa. Shina lake halinenepi, na hapo ndipo Nesbit alipolazimika kutumia vibao 12.

Chombo chenyewe ni ufito wa chuma cha pua wenye ncha iliyonolewa kwa mshazari, na kishikio cha mti kama kofia ya uyoga kinachokaa kiganjani. Mkono wa kulia husukuma. Wa kushoto huzungusha kibao juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, hivi kwamba mchongaji hasa hachori mstari wa kupinda: hushikilia chuma pale pale, na kibao ndicho kinachogeuka. Palipokatwa hubaki peupe na palipoachwa huchukua wino. Wengi waliomtangulia Bewick waliuona mstari mweusi kuwa ndio picha, wakafukua kuuzunguka. Bewick alikichukulia kibao kizima kuwa usiku, na kila mkato ukawa mwanga unaoingia.

Faida ya pili ilikuwa ya kibiashara, na ndiyo iliyouvusha ufundi huu kutoka Newcastle hadi kwetu. Picha ya kuchongwa kwenye bamba la shaba hushika wino ndani ya mifereji, kwa hiyo huhitaji mashine yake peke yake. Kibao cha mti hushika wino juu ya uso, sawasawa na herufi za risasi. Ukikikata kwa kimo cha herufi hizo, milimita 23 na ushei, unakifunga ndani ya ukurasa mmoja na maneno na kuvichapa kwa mkupuo mmoja. Wala hakichakai upesi. Katika kumbukumbu za maisha yake Bewick aliandika kuwa kibao chake kimoja cha gazeti la Newcastle kilichapwa zaidi ya mara 900,000 na bado kilikuwa kinafaa.

Jina lake lilitoka kwa wanyama. Kitabu cha wanyama wenye miguu minne kilitoka 1790, cha ndege kwa mabuku mawili, 1797 na 1804. Lakini mwisho wa sura, ukurasa ulipobaki na nafasi tupu, aliweka vipicha vidogo visivyohusiana na ndege wala mnyama, na humo ndimo alimoutia mji wake na mto wake. Mkulima anavuka mto kwa kushika mkia wa ng'ombe ili asilipe ushuru wa daraja, na upepo unamchukulia kofia, ambayo bila shaka ni ghali kuliko ushuru. Wavulana wanaelesha mashua za kuchezea. Mtu anajisaidia ukutani. Katika kimojawapo amechonga alama ya dole gumba lake mwenyewe juu ya nyumba ya shambani, kana kwamba alishika picha kabla wino haujakauka. Na nyuma kabisa, katika vipicha kadhaa, nusu ya ukucha kwa urefu, unasimama ule mnara wa matao manne. Haukuandikiwa jina. Msomaji wa Newcastle hakulihitaji, na wa mahali pengine aliona kanisa tu.

Aliwahi kwenda London mwaka 1776 na hakuupenda mji, akarudi. Wazazi wake walipokuwa hai alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Newcastle hadi Cherryburn kila wiki kuwaona, mvua au theluji, mpaka walipofariki mwaka 1785. Maili 12 kwenda. Nadhani mandhari ya Bewick yalichongwa kwa miguu kwanza. Hakukuwa na jiwe la mto ule ambalo hakuwahi kulipita akiwa amelowa.

Wanagenzi wake hawakurudi kama yeye. Nesbit, Luke Clennell, William Harvey, John Jackson, mmoja baada ya mwingine, walihamia London ambako wachapishaji walikuwa na fedha. Ndugu wa Dalziel nao, wa kaskazini hukohuko, walifungua karakana yao London mwaka 1839. Tarehe 14 Mei 1842 Herbert Ingram akatoa toleo la kwanza la Illustrated London News, kurasa 16 zenye picha 32 za kuchongwa kwenye mti, kwa bei ya peni sita. Ziliuzwa nakala 26,000. Kuanzia hapo picha ya mahali iligeuka kuwa habari, na habari haimsubiri mchongaji atembee maili 12.

Kilichofuata kilikuwa kiwanda. Mbinu ya Nesbit ya kuunganisha vibao iliboreshwa: vipande vya buksi vilikazwa kwa boliti na nati upande wa nyuma, hata ukapatikana uso wenye upana wa kurasa mbili. Mchoraji alichora picha nzima juu yake jioni. Kisha boliti zikafunguliwa na kila mchongaji akachukua kipande chake usiku, huyu bila kujua mwenzake ana nini, msimamizi akiwa ametangulia kuchonga mistari inayovuka maungio ili vipande vikirudi vikutane. Kulikuwa na bingwa wa mawingu, bingwa wa nyuso, bingwa wa maji. Asubuhi boliti zilikazwa tena, na mji wa mbali ulikuwa tayari kuchapwa. Ukizitazama picha hizo leo kwa kioo cha kukuzia, utaona hapa na pale ufa mweupe ulionyooka ukipita katikati ya mawingu au kifua cha farasi. Hapo ndipo boliti ililegea.

Ni katika karakana za namna hiyo mandhari ya Afrika yalichongwa. Kitabu cha safari za David Livingstone, kilichotoka 1857, kilipata picha zake kwa Josiah Whymper wa Lambeth, London, na wanyama walichorwa na Joseph Wolf, Mjerumani aliyesifika kwa kazi hiyo. Humo mna picha ya simba aliyemrukia Livingstone na kumvunja mkono. Livingstone alipoiona alimwandikia mchapishaji wake kwa hasira: mtu yeyote anayejua simba ni nini angekufa kwa kucheka. Fikiria. Katika London yote, mtu aliyekuwa na haki ya kusema sivyo alivyokuwa simba yule alikuwa mmoja, na picha ilichapwa vilevile.

Mwana wa Whymper, Edward, aliona kasoro hiyo kwa njia yake. Aliingia karakanani kwa baba akiwa na miaka 14, akachosha macho yake kwa kazi za wengine, hadi mwaka 1860 mchapishaji alipomtuma kwenye milima ya Alps kuchora vilele. Alikwenda kuchora akaishia kupanda. Tarehe 14 Julai 1865 alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn pamoja na wenzake sita, na wanne kati yao walikufa wakishuka. Picha za kitabu chake cha 1871 ni za jabali alilolishika kwa kucha, na wapandaji wa baadaye wangeweza kuzibeba huko juu na kuzikagua ufa kwa ufa.

Maporomoko ya Jinja hayakupata bahati hiyo.

Tarehe 28 Julai 1862 John Hanning Speke, akiwa na Sidi Mubarak Bombay na watu wa msafara ulioanzia Zanzibar, alifika mahali ambapo maji ya Nyanza yanatoka ziwani na kuwa Mto Nile. Maelezo aliyoyaandika ni ya mtu aliyekaa na kutazama kwa muda: maporomoko ya kimo cha futi 12 hivi na upana wa futi 400 hadi 500, yaliyokatwakatwa na miamba, samaki wakiruka dhidi ya maji, wavuvi wa Busoga na Buganda wakisimama juu ya mawe na ndoano zao, viboko na mamba wakisinzia, ng'ombe wakishushwa kunywa. Akayapa jina la Ripon, bwana mkubwa aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia London. Aliandika pia kwamba wenyeji walipaita Mawe. Hawakukosea: kilichoshika macho pale kilikuwa miamba, na maji yalikuwa yakipita katikati yake.

Kitabu cha Speke kilitoka mwishoni mwa 1863, na jalada lake la ndani linasema picha nyingi zimetokana na michoro ya mwenzake wa safari, Kapteni James Grant. Grant alikuwa mchoraji mzuri, mwenye jicho la mimea na mavazi. Ila siku ya Jinja hakuwapo. Mguu wake ulikuwa mgonjwa, na Speke alikuwa amemtanguliza kuelekea Bunyoro. Kwa hiyo alama kuu ya safari nzima, mahali ambapo Ulaya ilikuwa ikipatafuta tangu zama za Wagiriki, ilibaki mikononi mwa Speke, mwindaji aliyechora kwa ajili ya kumbukumbu zake. Mistari yake michache ilichukuliwa London, ikachorwa upya na mtu wa pili, ikachongwa na wa tatu, ikachapwa na wa nne.

Mchongaji huyo wa tatu simlaumu. Alijua kazi yake. Alijua jinsi maji meupe yanavyopatikana kwa mikato minene inayokaribiana, na jinsi jiwe linavyosimama kwa kuacha mti bila kuugusa upande mmoja. Lakini maji aliyoyajua ni ya Thames, na miamba aliyoijua ni ya picha nyingine. Asingeweza kujua kwamba jiwe fulani lilikuwa na umbo fulani, kama Bewick alivyojua mnara wa kwao hata akauchonga kwa nusu ya ukucha. Na waliojua hawakuulizwa. Wavuvi waliosimama juu ya mawe yale, watu wa mtumbwi wa kuvushia uliokuwa ukifanya kazi juu kidogo ya maporomoko, hata Bombay aliyerudi pwani na hadithi yote kichwani, hakuna aliyewekewa picha mbele yake akaulizwa: ndivyo palivyo?

Kuanzia miaka ya 1880 njia ya kuhamisha fotografia hadi kwenye bamba la chuma kwa vidoto vidogo ilianza kuwanyang'anya wachongaji kazi, na kufikia mwisho wa karne karakana zilikuwa zimefungwa au zimegeuzwa. Ufundi ulirudi baadaye kwa sura nyingine, mikononi mwa wasanii waliochora na kuchonga wenyewe. Mwaka 1920 walianzisha chama chao London. Kati yao walikuwamo Robert Gibbings, na Gwen Raverat, mjukuu wa Charles Darwin, aliyeuchonga mto wa Cambridge na vitongoji vyake kama mtu wa nyumbani. Newcastle nako, katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Central, michongo ya Hilary Paynter inayoonyesha mandhari ya eneo lile imekuzwa na kubandikwa ukutani, na abiria hupita mbele yake wakiwahi kazini. Wakitoka nje na kutembea kidogo wataukuta mnara wenyewe, na anayetaka anaweza kulinganisha.

Jinja hakuna wa kulinganisha. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alizindua bwawa la umeme la Owen Falls, kilomita chache chini ya pale Speke alipokaa. Maji yalipanda na kuyafunika maporomoko, baada ya sehemu ya miamba kuvunjwa ili mto upite kwa urahisi. Ukisimama leo ukingo wa magharibi, penye mnara wa ukumbusho wa Speke, unaona mto mpana unaokwenda bila kelele. Zimebaki fotografia za kabla ya bwawa, imebaki ile picha ya mti ya 1863, na limebaki jina la mji uliokua kando yake, kutokana na neno ambalo Waganda na Wasoga walilitumia siku zote kwa maana ya jiwe.